Umefuta kwa bahati mbaya? Usiguse kitu kwanza

Jumatatu aliingia dukani kwetu dada mmoja anayeuza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, simu kaishika kwa mikono miwili. Kijana wake alikuwa "anasafisha" tovuti ya biashara, akafuta kurasa zote za bei na picha za vichanja vya Ukerewe. "Kaka, nirudishie hata nusu."

Sisi swali letu ni lile lile: ulifuta lini, na tangu hapo umefanya nini?

Tovuti yake ni ya WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti. Humo ukifuta andiko, linaingia kwenye kapu la taka na kukaa siku 30, labda mtu awe amebadilisha mipangilio. Yeye alikuwa siku ya 6. Maandishi yalirudi chai ikiwa bado ya moto, na hatukumtoza hata mia.

Picha ndizo zilitutoa jasho, maana zenyewe kwa kawaida hazipiti kapuni. Ikabidi tuzitafute kwenye memori kadi, nako kijana alishapita. Kadi ikifutwa, picha yenyewe haiondoki. Kinachong'olewa ni kibao cha mlangoni, mzigo bado umo ndani. Ukipiga picha mpya, mpangaji mpya anaingia na kuutupa nje. Na dada alikuwa amerekodi harusi nzima Nyegezi! Nyingi tulizipata. Nyingine zilifunguka nusu: juu dagaa wanang'aa, chini kijivu kitupu.

Kapu nalo likishamwagwa, tunachungulia Wayback Machine, ghala la Internet Archive ya Marekani linalotunza nakala za kurasa tangu 1996. Tovuti ndogo hupitiwa kwa nadra, kwa hiyo hatuahidi.

Wapo pia wenye shida ya kinyume. Umemwandika mdaiwa wako usiku kwa hasira, asubuhi ukafuta, kumbe skrinshoti ishazunguka magrupu yote ya Igoma. Google tunaweza kuiomba iache kuonyesha ukurasa uliokwisha kufutwa. Simu za watu hatuna funguo zake.

Kuangalia ni bure, na tusipopata kitu hulipi. Zima simu, chomoa kadi, itie kwenye bahasha, utuletee hapa Makoroboi. Zile programu za kurudisha picha usizipakue ndani ya kadi hiyo hiyo, tafadhali. Wiki hii tu tumeshapokea kadi mbili za namna hiyo.