Shukrani kwa mzee wa mtumbwi, Katonga

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikulipata, na hela ya chai uliikataa, basi nakushukuru hapa hadharani. Watu wa Kigoma wanaokufahamu wakufikishie.

Ulinikuta mwaloni na mshipi mkononi, kiangazi hiki, ukanipakia bila maswali mengi. Tulipiga kasia hadi kwenye miamba, maji maangavu unaona mchanga chini. Ukanifundisha kuvuta mshipi taratibu, kisha ghafla, chambo kicheze kama dagaa aliyejeruhiwa. Kuhe, yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika, aliponasa, mkono mzima ulitetemeka!

Ila ninachokushukuru zaidi ni wale kuhe wawili, dume na jike, waliokuwa wakilinda makinda yao. Ulisema hapo hatutupi ndoana. Wazazi wote wawili hulea, na wakivuliwa, makinda huliwa na samaki wengine. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, lakini kuhe huzalia karibu na ufuko, palepale nyavu zetu zinapofika. Vijana wengi hawajaambiwa hili, nami nimeanza kuwaambia.

Mungu akupe afya, mzee wangu, na upepo wa kusi usikukute mbali na nchi kavu.