Malalamiko kuhusu kibao cha raketi mlichonitengenezea, na jinsi mlivyonijibu

Kwa Mkurugenzi,
Karakana ya vibao vya mpira wa meza

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Faili langu mnalo, na ndani yake imo fomu ya vipimo niliyoijaza mwenyewe mkaigonga muhuri. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia. Naandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwamba mmeistahili.

Niliagiza kibao cha tabaka saba: tano za mbao, mbili za nyuzi za kaboni zilizochanganywa na arileti, uzi wa kiwandani. Kiini cha mbao ya ayous, ngozi ya nje ya mbao ya limba, na nyuzi zikae ndani, zikipakana na kiini. Hilo la mwisho nilipigia mstari mara mbili. Unene milimita 5.8. Uzito gramu 88, na kama ni kuzidi au kupungua, iwe gramu 2.

Kilichokuja kina gramu 97. Nyuzi zimelazwa moja kwa moja chini ya ngozi ya nje. Halihitaji mtaalamu: ukikitazama kibao ubavuni, ile mistari miwili myeusi ilipaswa kukikumbatia kiini. Kwenye changu imekimbilia kingoni, mmoja juu mmoja chini, kila mmoja umefunikwa na mbao isiyofika hata milimita moja. Na mbao yenyewe ni koto. Limba naijua kwa michirizi na vinyweleo vyake. Hii ni laini kwa macho, ngumu kwa ukucha. Koto juu, nyuzi chini yake: mchanganyiko huo unauzwa ukiwa tayari popote pauzwapo raketi. Ndugu Mkurugenzi, nilipimwa na fundi, nikavishwa nguo ya kutundikwa.

Jibu la karakana lilikuwa kwamba “tabaka ni zile zile, hesabu ni ile ile.” Basi na nyumba yenye bati chini na msingi juu nayo ni nyumba ile ile.

Nyuzi zikiwa ndani, mpira unaoguswa kwa upole hukutana na mbao kwanza. Kibao huinama kidogo, mpira hukaa kitambo kwenye raba, ile ngozi ya mpira inayobandikwa juu ya kibao, unausugua unavyotaka. Ukipiga kwa nguvu ndipo kishindo kinapozifikia nyuzi, nazo zinakuongezea kasi. Zikiwa nje, mpira hutupwa kabla hujaukamata. Kwa anayesimama karibu na meza na kupiga bapa, hicho ni kibao kizuri, simlaumu anayekipenda. Mimi mchezo wangu ni topsipini ya polepole, yaani kuusugua mpira uzunguke kwenda mbele, dhidi ya mpira uliokatwa ukazungushwa kinyumenyume, na mipira mifupi ya kudondosha karibu na wavu. Kwa kibao chenu, kila nikidondosha, mpira unapanda, unakwenda mrefu, mpinzani anachagua pa kuupeleka. Tena zile gramu zilizozidi zimejaa kichwani, si mpinoni; ukiitoa raketi bekihendi (upande wa mgongo wa mkono) kuipeleka fohendi (upande wa kiganja), inafika mpira ukiwa umeshapita.

Haya yote niliyaeleza kwenye simu ya video. Kijana wenu wa huduma aliniambia nisogeze kibao kwenye kamera, nikasogeza. Akaniambia nikigonge kwa kifundo cha kidole, nikagonga. Kikalia ti, ti, sauti nyembamba na kavu ya kibao kigumu, wala si ule mlio mzito wa mbao. Hapo fundi mkuu wenu akaingiza uso kwenye kioo, akasema: “Kibao hakina kosa. Kosa lina vidole vitano.” Wakacheka. Chumba kizima kilicheka.

Kabla ya simu hiyo (nimeruka, hasira ina haraka) mlinitaka nibandue raba ili mpate picha ya mbao tupu. Nikabandua taratibu, kwa kufuata upande wa nyuzi za mbao, kama inavyotakiwa. Bado ukanda wa ngozi ya juu ukatoka na gundi. Vanishi niliyoilipia, ile ya kuizuia mbao isichanike wakati kama huo, haikupakwa; mbao imeachwa wazi, inanywa gundi na unyevu kama sponji. Wiki iliyofuata mkaniandikia kwamba dhamana imekufa kwa sababu raba “ilishabandikwa na kubanduliwa”. Kibao kinajaribiwaje bila raba? Niucheze mpira kwa mbao tupu, jambo ambalo sheria za mchezo zinakataza? Mlinituma nibandue, nikabandua, mkanihukumu kwa kubandua.

Lakini narudi kwenye ile simu, kwa sababu sijamaliza, na mara ya kwanza nimeieleza kwa upole mno. Fundi mkuu alipoingia kwenye kioo alikuwa na fomu yangu mkononi. Niliitambua kwa ule mstari mara mbili. Alikuwa anajipepea nayo. Hakuisoma, alijipepea, akaniambia kosa lina vidole vitano, akanyoosha kiganja chake akavihesabu mbele ya kamera, kimoja kimoja, na kila kidole watu nyuma yake walicheka upya. Na sikuwa peke yangu. Mwanafunzi wangu wa miaka 12 alikuwa ameketi kando yangu, nilimwita ili ajifunze jinsi mtu anavyodai haki yake kwa utulivu. Kesho yake akaniuliza, bila utani, kama na yeye ana kosa la vidole vitano, maana topsipini yake nayo inatoka nje. Mimi ndiye ninayemfundisha ile topsipini.

Nilipoanza barua hii nilitaka kibao kingine tu, kilichotengenezwa kama fomu inavyosema. Nimebadili nia. Nataka fedha zangu zote, pamoja na za usafirishaji na za raba mbili zilizoharibika. Nataka kibao kipya juu ya hizo, kipimwe uzito mbele ya kamera, na yule fundi asikiguse. Nataka maelezo ya maandishi kuhusu unene wa tabaka la nyuzi. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza (ITTF) zinataka angalau asilimia 85 ya unene iwe mbao asilia, na kila tabaka la nyuzi lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kile kilicho kidogo. Kwa kibao cha milimita 5.8 maana yake ni 0.35. Nimeweka kaliperi, kile kifaa cha kupimia unene, ubavuni na sikupenda nilichokiona. Na nataka radhi ya maandishi, ielekezwe kwa yule mtoto. Mimi nimezoea.

Nawapa siku 14. Zikipita, nitakibana kibao hiki kwenye jiliwa na kukikata kwa msumeno, kutoka mpinoni hadi kichwani. Nusu moja itakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji pamoja na nakala ya fomu yenye muhuri wenu. Nusu ya pili nitaipeleka kwenye kila mashindano nitakayocheza, niiweke kando ya meza ya waamuzi, mkato ukitazama juu, na atakayeuliza nitamwambia kimetoka wapi.

Msinitumie tena yule kijana wa huduma. Ajibu mwenye mamlaka ya kutia saini.

Wenu, kwa heshima iliyobaki,

Mteja wenu wa kibao cha gramu 88

N.B. Mmeniomba nirudishe kibao kwanza, “kwa uchunguzi”. Sirudishi. Kinabaki kwangu hadi fedha zifike.