Kwenu mnaosubiri tepe ya kwanza

Wanangu wapiganaji,

Niliingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) nikiwa kuruta, nikastaafu nikiwa ofisa mteule. Nimesikia manung'uniko yenu kwamba miaka inakwenda na bado ni mapraiveti, askari wasio na tepe, hata ile ya kwanza ya koplo usu. Naomba mnisikilize kidogo.

Kozi ya kupandia cheo haiwashindi. Ramani, silaha, kwata, kutoa amri, yote hayo yanafundishika. Kazi iko kabla ya kozi, pale kamanda wa kombania anapomwuliza sajini: huyu, akiwa hana cheo, wenzake wanamsikiliza?

Mwaka 1979 tulitembea kwa miguu kuingia Uganda. Koplo wetu, kila tulipopumzika, alipita kukagua miguu ya seksheni nzima, kikundi chetu kidogo, mmoja mmoja, akitafuta malengelenge, kabla hajavua buti zake. Hakuwa na sauti kubwa. Usiku aliposema "twende", hakuna aliyebaki chini.

Mimi nilipovishwa ukoplo usu nilianza vibaya. Rafiki yangu, tuliyelala hanga moja, yaani bweni moja, alichelewa lindo nikamfichia. Kabla ya wiki kwisha wengine wawili wakachelewa, wakaniuliza, "Mbona yule ulimwacha?" Sikuwa na jibu. Nilimwita rafiki yangu pembeni, nikamwambia akirudia nitamripoti. Akarudia, nikamripoti. Alininunia miezi mingi, na iliniuma sana, maana jana tu tulikuwa tunakula sahani moja. Tepe ya kwanza inakuacha bwenini kulekule na watu walewale, na jicho lao ni kali kuliko la ofisa yeyote.

Msiione ngazi hii kuwa ndogo. Enzi za KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, Mwafrika aliishia usajini meja. Hata walipomwongezea cheo cha effendi miaka ya 1950, amri ilibaki kwa ofisa Mwingereza. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ndiyo Lugalo ya leo, waliasi. Kuasi kulikuwa kosa kubwa, lakini dai lao la kutaka maofisa Waafrika lilikuwa la haki. Leo askari aliyeanzia chini anaweza kuchaguliwa kwenda Monduli, kwenye chuo cha maofisa, akarudi na nyota ya uofisa.

Kwa hiyo wewe ambaye jina lako halikutoka safari hii, usikae kantini kuwasema waliopita. Mwendee sajini wako, simama sawasawa, umwulize: "Afande, nirekebishe wapi?" Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Baba yenu,
Ofisa mteule mstaafu