Neema mwanangu, njoo kwa njia ya mizabibu

Neema mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku, nikaurudia tena nilipofika nyumbani. Nimefurahi umepata baiskeli, na nimefurahi zaidi kwamba fundi wa huko Dijon alikubadilishia tairi zote mbili kabla ya kukukabidhi. Lakini uliposema sikukuu ya Kupaa utakuja kwangu Chalon kwa njia iliyochorwa na simu, kwa kuwa ndiyo fupi, usingizi wote ukaniruka. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mambo ya njia ukiambiwa kwa mdomo yanapotea. Haya yakunje uyatie mfukoni.

Hiyo njia ya simu ni D974. Naijua vizuri. Mwaka wangu wa kwanza huku niliipita nikijiambia, mimi mtoto wa Shinyanga, baiskeli nifundishwe na nani? Babu yako alinipakia kwenye kereti tangu sijajua kusoma, na nilijifunza kuendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba, kama watoto wote wa kwetu. Basi nikaingia barabara kubwa. Lori likanipita karibu mno. Halikunigusa, upepo wake ndio ulioniangusha mtaroni. Nilichubuka kiwiko tu, lakini nilikaa kwenye majani yale nikalia, nikiwakumbuka waendesha baiskeli wa kwetu wanavyoruka pembeni kila basi likipiga honi. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva akuachie mita 1.5 anapokupita nje ya makazi, na mita 1 ndani yake. Wengi wanaitii. Asiyetii akiwa mmoja anatosha, mwanangu, na barabara ile ina malori mengi.

Sasa nikufundishe kuzisoma barabara zao. Zenye herufi A usizisogelee, baiskeli haziruhusiwi. N ni za taifa, zina magari ya haraka. D ni za wilaya zao kubwa wanazoziita departementi, na humo ndimo ilimo raha na ndimo ilimo hatari. Kwa kawaida namba ikiwa ndefu barabara ni ndogo, lakini hiyo D974 inadanganya: zamani ilikuwa N74, ilipokabidhiwa departementi wakaibadilisha herufi na kuiongezea 9 mbele. Kwa hiyo usiitegemee namba peke yake. Nunua ramani ya karatasi ya Michelin, utazame rangi. Nyekundu ni kubwa, njano ni ya kati, nyeupe ndiyo yako. Ukiona nyeupe yenye mstari wa kijani ubavuni, hapo mandhari ni mazuri.

Toka Dijon kwa kusini mpaka Chenôve, halafu shika D122. Inapita juu kidogo ya barabara kubwa, chini ya kilima, ikiunganisha vijiji kama uzi wa shanga: Marsannay, Fixin, Gevrey-Chambertin, Morey-Saint-Denis, Chambolle-Musigny. Kulia mizabibu, kushoto mizabibu, na kuta fupi za mawe ambazo wenyewe wanazitunza sana. Kila kipande cha shamba kina jina lake, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande hivyo kwenye urithi wa dunia. Mwezi wa Mei utawakuta watu wameinama wakipunguza machipukizi kwa mkono, mche mmoja baada ya mwingine. Wasalimie. Usipite kimya kwa kuona haya ya Kifaransa chako. Sema bonjour, kwa sauti. Utakutana pia na trekta zenye miguu mirefu, zile zinazopita juu ya mstari wa mizabibu bila kuugusa. Zikitokea simama pembeni, dereva wake anakaa juu sana. Na ukizikuta zinapuliza dawa, geuza upite kwingine.

Vougeot utaona jengo kubwa la mawe katikati ya mashamba. Wamonaki wa monasteri ya Cîteaux ndio waliopanda mizabibu pale. Kutoka hapo ingia vijia vya shambani kwenda Vosne-Romanée, mpaka Nuits-Saint-Georges. Ukichoka Nuits, usijikaze kwa ajili yangu. Kuna stesheni, treni za TER, zile za mkoa, zinapokea baiskeli, na zinasimama Beaune, Chagny na Chalon. Baada ya Nuits, kuelekea Comblanchien kwenye machimbo ya mawe, njia ndogo zinajificha na barabara kubwa inakusogelea. Mimi mara ya kwanza nilipanda treni hapo, na sioni aibu.

Lala Beaune. Nimeshakuulizia chumba kwa mtu ninayemfahamu, nitakutumia anwani. Ukiwahi, ingia Hôtel-Dieu, hospitali aliyoianzisha Nicolas Rolin mwaka 1443, baada ya vita na njaa, kwa ajili ya maskini. Wageni wanapiga picha paa la vigae vya rangi. Wewe nenda kwenye ukumbi wa wagonjwa. Vitanda vimepangwa pande mbili, vyekundu, kila kimoja na pazia lake, na wote waliolala waliweza kuiona altare kule mwisho. Mimi ninayewageuza wazee vitandani usiku kucha nilisimama pale muda mrefu. Miaka karibu mia sita iliyopita mtu alifikiri kwamba maskini anayekufa naye anahitaji pazia la kujisitiri. Nataka ulione kwa macho yako.

Siku ya pili ni nyepesi. Kutoka Beaune kuna njia iliyowekewa alama za baiskeli, wanaiita Voie des Vignes, Njia ya Mizabibu. Inapita Pommard, Volnay, Meursault mpaka Santenay, kama kilomita 20 hivi. Kuna vilima vifupi, shusha gia mapema usingoje mlima ukukamate. Santenay utakutana na Canal du Centre, mfereji uliochimbwa mwishoni mwa karne ya 18 chini ya mhandisi Émiland Gauthey ili kuunganisha mto Saône na mto Loire. Hapo fuata alama za EuroVelo 6, namba 6 ndani ya duara la nyota. Njia hiyo inatoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi, wewe utakula kipande chake kidogo tu, kupitia Chagny kuja kwangu. Ukingo wa mfereji ni tambarare, una vivuli, na utasikia maji yakimwagika kwenye malango ya kupandishia mashua. Siku za katikati ya wiki nimewahi kwenda saa nzima nisione mtu ila korongo wa kijivu amesimama majini.

Mengine haraka haraka. Chukua chakula tangu nyumbani, Kupaa ni sikukuu, na hata siku za kawaida maduka ya vijijini yanafungwa kuanzia saa sita mchana. Maji yakikuishia tafuta makaburi ya kijiji. Usishtuke, mlangoni mara nyingi pana bomba la kumwagilia maua. Ila pakiandikwa “eau non potable”, yaani maji yasiyofaa kunywa, usinywe. Vijijini ogopa kona za kulia: pasipo na alama, gari linalotoka kulia kwako ndilo lenye haki ya kupita, hata kama linatoka kichochoroni na wewe uko barabara pana. Usivae vya masikioni vya kusikilizia simu, sheria imekataza. Vesti ya kung'aa ni lazima usiku nje ya makazi, wewe ivae hata mchana. Kofia ngumu sheria inawalazimisha watoto chini ya miaka 12 peke yao. Kwangu wewe hujafika 12.

Ukishapumzika, Jumamosi tutatoka wote. Nina likizo. Kutoka Givry mpaka Cluny kuna kilomita 44 za njia isiyo na gari wala pikipiki, ya kwanza ya aina yake nchini humu, ilifunguliwa mwaka 1997 juu ya reli iliyokufa. Kwa kuwa treni haipandi mlima mkali, na wewe hutaupanda. Stesheni za zamani bado zipo, na kwenye mojawapo nitakununulia kahawa.

Kabla ya Cluny tutapanda kijilima cha Taizé. Mwaka 1940, nchi ikiwa vitani, kijana wa Uswisi aitwaye Roger alifika hapo kwa baiskeli kutoka Geneva akitafuta nyumba. Kijiji kilikuwa karibu kihame. Mwanamke mzee akamsihi abaki, kwa maana wao walikuwa wapweke mno. Akabaki. Alificha wakimbizi, Wayahudi wakiwemo, kisha akaanzisha jumuiya ya mabruda ambayo leo inapokea vijana wa kila nchi. Mwaka 1978 aliishi kwa muda Mathare, Nairobi, kwenye vibanda. Nikikaa kanisani mle ninamfikiria yule mama mzee kuliko ninavyomfikiria Bruda Roger. Angepita kijana kwa gari, mbio, wangeonana wapi? Na mimi huku nimepata watu wa kuniita kwa jina kwa sababu ya vijia hivi: bibi wa Buxy anayenipa cherry, mzee wa kule lango la maji anayeniuliza habari zako. Nataka wakujue.

Alhamisi usinipigie ukiwa unaendesha. Nipigie ukifika Beaune. Ijumaa nitatoka nyumbani saa nane mchana na baiskeli yangu, nitakusubiri Fragnes, pale gatini penye mashua, upande wa kulia ukitokea Chagny au kushoto, popote penye kivuli. Nitakuwa na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi. Pampu ninayo mimi, wewe njoo na tyubu ya akiba.

Mama yako