Moto Umezimwa, Usikimbilie Ndoo

Kazi yetu ni kusafisha nyumba zilizoungua. Mteja anapotupigia simu baada ya nyumba kushika moto, mara nyingi usafi umeshaanza. Ndugu na majirani wamejaa, kila mmoja na tambara lake, na ukuta wa sebuleni unasuguliwa kwa maji na sabuni. Nia ni njema. Lakini ukuta huo ndio utakaotusumbua kuliko ule ambao haujaguswa.

Masizi si vumbi. Ni chembechembe za kaboni zilizobeba mafuta na kemikali za kile kilichoungua. Ukizipangusa kwa kitambaa kilicholowa, mafuta yanasambaa na weusi unazama ndani ya plasta, mahali ambapo sabuni haifiki. Kwa hiyo kazi inaanza kikavu. Tunafyonza kwanza kwa mashine yenye chujio la HEPA, linalonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za mikroni 0.3, kisha tunapitisha sifongo kavu ya mpira kutoka juu kwenda chini bila kusugua. Maji na sabuni ya kukata mafuta vinafuata baadaye, na hapo tunageuza mwendo: tunaanzia chini kupanda juu, maana maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi isiyotoka kirahisi. Mashine yako ya kawaida ya kufyonza vumbi iache ilipo. Masizi yanapenya chujio lake na kurudi hewani.

Tukifika, swali la kwanza ni nini kiliungua. Mbao na karatasi zilizowaka kwa moto mkali huacha masizi makavu, na hayo yana nafuu. Plastiki, mpira na magodoro yaliyofuka polepole huacha masizi ya kunata yanayoshika kila kitu. Moshi unaowadanganya watu zaidi ni wa sufuria ya nyama iliyosahaulika jikoni: ukutani huoni kitu, labda umanjano kidogo, lakini harufu haiondoki, kwa sababu utando mwembamba wa mafuta umeganda kwenye kabati, taa na mapazia.

Halafu kuna tindikali. Plastiki ya PVC, ile ya mabomba na maganda ya nyaya za umeme, ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi hidrokloriki. Ndiyo maana bomba la sinki linalong'aa siku ya moto huanza kupata madoa muda mfupi tu baadaye, na bawaba zikashika kutu. Ndani ya runinga na kompyuta hali ni hiyo hiyo, ila huioni. Usiziwashe ili kujaribu kama bado ni nzima. Zisafishwe kwanza na fundi. Na umeme wa nyumba usirudishwe mpaka nyaya zikaguliwe.

Watu pia hufunga mlango wa chumba ambacho hakikuungua wakidhani kimesalimika. Moshi wa moto hukimbilia palipo baridi. Huingia juu ya dari, nyuma ya makabati, ndani ya droo na kwenye pembe za kuta za nje. Tumeshafungua kabati la nguo upande wa pili wa nyumba na kukuta harufu kali kuliko ya jikoni kwenyewe.

Kuhusu harufu tuseme wazi: rangi mpya haiiui. Ukipaka juu ya masizi, siku za joto harufu inarudi, na madoa ya manjano yanajitokeza. Masizi yaondolewe, kisha ipakwe rangi maalumu ya kuziba, ndipo ije rangi ya kawaida. Mashine ya ozoni, gesi ya kuua harufu, tunaitumia, lakini mwishoni na nyumba ikiwa tupu, bila watu, mifugo wala mimea, kwa sababu ozoni huumiza mapafu. Anayekuahidi kumaliza kila kitu kwa ozoni peke yake anakuuzia hewa.

Maji ya zimamoto nayo hayasubiri: ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, hivyo kukausha kunakwenda sambamba na kazi nyingine. Kama zege limegeuka rangi ya waridi, huenda lilipata joto la nyuzi 300 au zaidi. Hapo sisi tunasimama, anaitwa mhandisi apime kama bado lina nguvu.

Kabla hujatupigia, piga picha za kila chumba kama kilivyo, hata kilicho safi, kwa ajili ya bima. Usitupe kitu kabla hakijapigwa picha, isipokuwa chakula na dawa zilizopata joto au moshi, ambazo usizitumie hata kama pakiti ni nzima. Kwenye simu tutakuuliza kilichoungua, moto ulidumu muda gani, maji kiasi gani yalimwagwa, na kama kuna aliyekwisha kupangusa ukuta. Hilo la mwisho usilione aibu kulisema. Linabadilisha vifaa tutakavyopakia kwenye gari.