Tuandikieni mbio za baiskeli pamoja na siasa zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu Septemba 2025, mwezi ambao mimi, mpenzi wa mbio za baiskeli kwa zaidi ya miaka ishirini, niliumia na kufurahi kuliko mwezi mwingine wowote ninaoukumbuka. Katika muda wa wiki mbili tu, mashindano ya wiki tatu ya Vuelta nchini Uhispania yalivunjika siku ya mwisho kabla waendeshaji hawajafika mstarini, kisha Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, kwa mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika. Matukio yote mawili yalibeba siasa nzito. Kurasa zetu nyingi za michezo ziliandika majina ya washindi na kuishia hapo, au zilikariri ile kauli kwamba siasa haina nafasi michezoni, kana kwamba kauli hiyo inatosha kufunga mjadala.

Sikubaliani na kauli hiyo, na katika baiskeli haijawahi kuwa kweli hata siku moja. Tour de France yenyewe ni mtoto wa ugomvi wa kisiasa, tena ugomvi uliopiganwa magazetini. Mwishoni mwa karne ya 19 Wafaransa waligawanyika kuhusu kesi ya Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi wa asili ya Kiyahudi aliyehukumiwa kwa uhaini ambao hakuutenda. Gazeti kubwa la michezo la wakati huo, Le Vélo, liliongozwa na Pierre Giffard, mtu aliyemtetea Dreyfus waziwazi. Wenye viwanda waliokuwa wakitangaza bidhaa zao humo, akiwemo Jules-Albert de Dion, walichukizwa na msimamo huo, wakaondoa matangazo yao na mwaka 1900 wakaanzisha gazeti lao ambalo baadaye liliitwa L'Auto. Gazeti hilo changa lilipokosa wasomaji wa kutosha, mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre, akatoa wazo la mbio za kuizunguka nchi nzima. Mhariri Henri Desgrange akalikubali, na Julai 1903 wanaume 60 wakaondoka pembezoni mwa Paris kwenda kukata kilomita 2,428 kwa hatua sita, yaani vipande sita vya safari. Jezi ya njano ya kiongozi wa mbio, tunayoishangilia kila mwaka, ilichukua rangi ya karatasi ya gazeti hilo. Nakukumbusha haya, Mhariri, kwa sababu ni watu wa kazi yako waliozizaa mbio hizi, na walizizaa wakiwa wamekwisha kuchagua upande.

Tena mchezo huu hauna geti. Mpira wa miguu una uwanja, uwanja una ukuta na tiketi, na asiyetakiwa hubaki nje. Mbio za barabarani hupita mbele ya nyumba za watu, na mtazamaji husimama hatua moja tu kutoka kwa bingwa wa dunia bila kulipa chochote, akisikia pumzi zake na mlio wa mnyororo wake. Uzuri huo ndio ulionivuta mimi, na ndio huo huo unaompa nafasi mtu mwenye bendera na dukuduku. Kukosekana kwa tiketi kuna matokeo mengine ambayo wasomaji wengi hawaelezwi: timu haina mapato ya mlangoni, na fedha za haki za televisheni kwa sehemu kubwa hubaki kwa waandaaji wa mashindano, kwa hiyo timu huishi kwa mkono wa mdhamini ambaye jina lake huandikwa kifuani. Siku hizi baadhi ya majina hayo ni ya nchi au ya miji mikuu ya nchi: Falme za Kiarabu, Bahrain, Astana ya Kazakhstan. Nchi inayolipa ili jina lake lishangiliwe barabarani imekwisha kuileta siasa kwa hiari yake, na haiwezi kushangaa jina hilo likizomewa.

Hilo ndilo lililotokea Uhispania. Timu iliyoitwa Israel-Premier Tech haikuwa mali ya serikali ya Israel, na wengi wa waendeshaji wake hawakuwa Waisraeli. Lakini mmiliki wake, tajiri Sylvan Adams, alikuwa akisema kwa miaka mingi kwamba anajiona balozi wa nchi hiyo kupitia michezo. Vita vya Gaza vilipoendelea, watu walijitokeza kando ya barabara siku baada ya siku. Bilbao, hatua ya 11 ilikatishwa kilomita tatu kabla ya mwisho, na hakuna aliyetangazwa mshindi. Mbio za dhidi ya saa za Valladolid, ambazo kila mmoja hukimbia peke yake akipimwa muda, zilipunguzwa kutoka kilomita 27.2 hadi 12.2. Jumapili ya tarehe 14 Septemba, Madrid ikafurika watu ambao serikali iliwakadiria kuwa 100,000, vizuizi vikaangushwa, na hatua ya mwisho ikafutwa. Jonas Vingegaard wa Denmark, aliyeshinda baada ya wiki tatu za jasho, alisimama na wenzake usiku juu ya masanduku ya vinywaji katika maegesho ya magari ya hoteli, hiyo ndiyo ikawa sherehe yake.

Nitasema ukweli wa moyo wangu. Nilikasirika kwanza. Nilikuwa nimezifuata hatua zote tangu ya kwanza, na nilihisi nimenyang'anywa kitu. Usiku huo nilipotulia niliona kwamba hasira yangu ilikuwa juu ya mbio zilizokatika, ilhali waliosimama barabarani walikuwa wakizungumzia watoto waliouawa, na nikashindwa kuendelea kuwalaumu kwa kusimama kwao. Hata hivyo sitamtetea yeyote aliyekimbilia katikati ya kundi la waendeshaji. Katika hatua ya 15 Javier Romo wa timu ya Movistar aliangushwa kwa namna hiyo, naye baadaye akajitoa katika mashindano. Mtu anayekwenda kasi juu ya matairi membamba hana mahali pa kukimbilia, na Romo hakuwa na neno lolote katika vita vile. Kusimama kando na bendera ni haki ya mwananchi; kumwangusha mfanyakazi aliye kazini ni kumdhulumu, na mambo haya mawili hayapaswi kuandikwa kwa kalamu moja.

Ninaloliona kuwa kosa kubwa zaidi limefanywa na wenye mchezo wenyewe, yaani Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI. Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, UCI ilizizuia timu za Urusi na Belarus, na timu ya Gazprom-RusVelo ikapoteza hadhi yake mara moja. Humo walikuwamo Waitalia na watu wa mataifa mengine waliojikuta hawana kazi katikati ya msimu kwa kosa la mdhamini wao. Waendeshaji wa Urusi waliokuwa katika timu za nchi nyingine waliruhusiwa kuendelea bila bendera ya taifa lao. Mimi niliuunga mkono uamuzi huo. Lakini mwaka 2025, lilipoulizwa swali lile lile kuhusu timu yenye jina la Israel, UCI ilijibu kwamba michezo haifungamani na upande wowote na kwamba serikali ya Uhispania ilikosea kuwasifu waandamanaji. Mtu anaweza kuamini kwamba kesi hizi mbili zinafanana, au kwamba hazifanani. Zipo hoja za pande zote na ningependa kuzisoma. Lisilowezekana ni kutoa majibu mawili bila kuonyesha kipimo kilichotumika. Iandikwe kanuni, kabla msimu haujaanza, ieleze ni tendo gani la nchi linaloliondoa jina lake kifuani, nani anaamua, na mwendeshaji aliyesaini mkataba kwa nia njema atalipwaje mpaka apate timu nyingine. Bila kanuni hiyo uamuzi utaendelea kufanywa na umati barabarani, au na mdhamini anayeondoka. Ndivyo ilivyokuwa mwishowe: wadhamini Premier Tech walijitoa, jina la Israel likaondolewa, na timu ile sasa inaitwa NSN na imesajiliwa Uswisi. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na kuvaa jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi hadi mwisho, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, amejiunga nayo. Nitamshangilia bila kusita. Nitakumbuka pia timu hiyo ilikotoka.

Sasa nakuja Kigali, na hapa kalamu yangu inakuwa nzito. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mpakani na Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema katika ripoti zao kwamba Rwanda inawasaidia waasi hao, Rwanda imekanusha. Februari, Bunge la Ulaya lilitaka mashindano ya Kigali yafutwe ikiwa Rwanda haitabadili mwenendo wake, na timu ya Soudal Quick-Step ikajitoa katika Tour du Rwanda, mashindano ya kila mwaka ya kuizunguka nchi hiyo, kwa hofu ya usalama. UCI haikubadili msimamo. Watu wa Goma wanazungumza Kiswahili, lugha hii hii ninayokuandikia, na wengi wao siku hizo walikuwa wakibeba magodoro kichwani wakitafuta pa kulala. Sioni jinsi gazeti la Kiswahili linavyoweza kuandika kuhusu mashindano yale bila kuutaja mji wao hata mara moja. Mengi niliyosoma hayakuutaja.

Na bado, Mhariri, tarehe 28 Septemba nililia kwa furaha. Wanaume walikimbia kilomita 267.5, wakapanda milima ambayo jumla yake ilizidi mita 5,000, na katika ile barabara ya mawe ya Kimihurura watu walisongamana pande zote mbili mpaka njia ikabaki nyembamba kama uchochoro. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwashambulia wenzake zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100 na akatwaa ubingwa. Remco Evenepoel alikuwa wa pili, Ben Healy wa tatu, na kati ya walioanza ni 30 tu waliofika mwisho. Siku moja kabla, Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye karibu hakuna aliyemtarajia, aliwaacha mabingwa wote wa kike nyuma yake. Kwa miaka mingi vijana wa Afrika wamekosa mashindano ya Ulaya kwa sababu ya viza tu, wakiwa na miguu na mapafu ya kutosha, na safari hii Ulaya ndiyo iliyopanda ndege. Furaha yangu ilikuwa ya kweli na uchungu wangu juu ya Goma ulikuwa wa kweli, na sijaona sababu ya kukifuta kimoja ili kingine kikae vizuri. Nilichokosa ni gazeti la kunisomesha yote mawili.

Siasa haikai mbali na sisi pia. Niliwahi kuhudhuria mbio za vijana ambazo zilipangwa kuanza saa moja asubuhi wakati bado kuna ubaridi. Waendeshaji walipanga mstari kwa wakati wakiwa wamepasha miili moto, lakini mgeni rasmi, mwanasiasa aliyekuwa akijiandaa kwa uchaguzi, alifika karibu saa tatu, akahutubia, akapokewa kwa nyimbo, ndipo bendera ikashushwa. Njia ikafupishwa kwa sababu jua lilikuwa limeshakuwa kali, na kijana niliyemwona akijiandaa kwa miezi mingi, hodari wa mbio ndefu, akapoteza nafasi yake kwa sababu ambayo haikuhusu miguu yake. Kesho yake gazeti moja lilichapisha picha ya mgeni rasmi akiwa ameshika bendera. Jina la mshindi halikuwamo. Mwandishi yule, nina hakika, angesema haandiki siasa.

Sidai kwamba mpira wa miguu upunguziwe kurasa. Wapenzi wake ni wengi nami ni mmoja wao. Nadai kwamba baiskeli ipewe waandishi wanaoijua. Kuna maswali ambayo yangepata wasomaji kesho asubuhi. Kuanzia 2014 hadi 2018 Tour du Rwanda ilishindwa na Wanyarwanda kila mwaka: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya, Samuel Mugisha. Mashindano yalipopandishwa daraja mwaka 2019 na timu kubwa zikaanza kuja, mpaka 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda tena, ilhali Waeritrea walishinda mara nne. Eritrea imefanya nini ambacho majirani zake hawakufanya? Kwa nini Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kwa leseni ya Kenya, alilazimika kubeba bendera ya Uingereza ndipo ashinde Tour de France mara nne? Baada ya wageni kuondoka Kigali, ni baiskeli ngapi zilizobaki mikononi mwa watoto, na nani anazitunza?

Tour du Rwanda kwa kawaida huanza Februari. Naomba gazeti lako limtume mwandishi, akae huko siku zote za mashindano, aulize pia fedha zinatoka wapi na nini kinaendelea ng'ambo ya mpaka, na katika kila hatua asiondoke mstarini na gari la mshindi, bali abaki mpaka afike wa mwisho, aandike jina lake na saa aliyofika.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa mbio za baiskeli