Kliniki ifuate giza la wavuvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama lishe kwenye mwalo wa dagaa, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, katika kimojawapo cha visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Mwanza. Napika wali, maharage na sato wa kukaanga. Kwa miaka sita sasa ni mwelimisha rika pia: nagawa kondomu, nawasindikiza wadada kwenda kupima VVU, nawakumbusha dawa. Kabla ya hapo nilikuwa baamedi, na nilijiuza. Sioni sababu ya kulizunguka hilo, maana bila hilo nisingeyajua haya ninayotaka kuyasema. Kisiwa sitakitaja kwa sababu zahanati yetu ni moja na kila mtu anamjua mhudumu wake.

Kwa asiyeyajua maisha ya mwaloni, nieleze kidogo. Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa haupo, mitumbwi inaingia ziwani jioni na taa zake, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, na ukisimama ufukweni usiku utadhani kuna mji umeota juu ya maji. Alfajiri dagaa wanashushwa na kuanikwa, wachuuzi wanafunga magunia ya kupeleka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza mjini, fedha inazunguka. Mwezi ukishapevuka, taa hazivuti tena dagaa. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, wavuvi wanashona nyavu au wanakwenda kuziona familia zao Magu, Sengerema, Ukerewe. Siku hizo tunaziita mbalamwezi, na zile nyingine tunaziita giza. Huku hatuhesabu Januari na Februari. Mtu akikopa sahani ya chakula anakwambia, "Mama, nitakulipa giza hili." Kodi ya chumba nayo ni ya giza kwa giza.

Wadada nao wanakwenda na giza. Likianza, boti zinashusha wasichana na mabegi yao. Wapo wa baa, wapo wa kuanika, wapo waliokuja na mtaji mdogo wa kununua dagaa, na huyu wa mwisho msimdhanie yuko salama kuliko wenzake, kwa sababu kupewa mzigo mzuri na mwenye mtumbwi mara nyingi kunadai zaidi ya fedha. Siku ngumu kuliko zote ni za mwisho wa giza, wavuvi wanapogawana mapato. Usiku mmoja au miwili baa hazifungwi kabisa. Baada ya hapo kisiwa kinanyamaza na wale wasichana wameshatawanyika: visiwa vingine, machimboni Geita, au makwao.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Kliniki tembezi tuliyokuwa nayo ilikuja kila Jumanne ya tatu ya mwezi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Nimekaa kwenye meza yake nikiandika majina kwa miaka minne. Ikiangukia kwenye giza, saa nne wadada wako vichanjani wanageuza dagaa, au ndiyo kwanza wamelala. Ikiangukia kwenye mbalamwezi, inakuta kina mama wa kisiwa, watoto wenye kikohozi, na mimi. Siku moja tabibu kijana aliniuliza, kwa heshima tu, "Mama, hawa dada zako tuliowafuata wako wapi?" Nikamshika mkono nikamtoa nje ya turubai, nikamwonyesha mwezi. Ulikuwa bado haujazama, mweupe, umekaa juu ya ziwa upande wa magharibi. Akautazama, akanitazama, akasema ratiba inapangwa ofisini.

Mkusanya ushuru wa halmashauri hajawahi kukosa giza hata moja. Kila gunia linalopanda boti analitoza kwa mashine yake, saa kumi na mbili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Anajua siku ambayo watu wamejaa na siku ambayo mwalo ni mtupu. Simlaumu, anafanya kazi yake vizuri. Ninachouliza ni kwa nini ujuzi huo huo haufiki kwenye idara ya afya, wakati wote wanatumwa na halmashauri ileile.

Nisichoke kueleza hili la kumfuata mtu alipo, kwa sababu nililiona nikiwa msichana. Miaka ya 2000 watafiti waliwafuata wanawake wa baa, wa gesti na wa vibanda vya chakula katika Mwanza na miji mingine ya kanda hii, na kliniki yao ilikuja karibu na tulipofanyia kazi. Walikuwa wanajaribu dawa ya malengelenge ya sehemu za siri kuona kama itapunguza maambukizi ya VVU. Majibu yalitoka mwaka 2008: haikusaidia. Wakajaribu pia jeli ya kupaka ukeni, utafiti mkubwa ulioshirikisha wanawake zaidi ya 9,000 wa Afrika Kusini, Uganda, Zambia na hapa kwetu. Mwaka 2009 wakatangaza kwamba nayo haikukinga. Wengine walicheka, wakasema tumetumiwa bure. Mimi sikucheka. Kwa miezi ile nilipimwa na kutibiwa kisonono nisichokijua kuwa ninacho, na kwa mara ya kwanza maishani mhudumu wa afya aliniita "dada" huku ananitazama usoni. Dawa zilishindwa, lakini mpango wa kutufuata tulipo ulikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoondoka pamoja na maboksi yao.

Na kuna jambo la zamani zaidi ambalo vijana wa Mwanza wangepaswa kulijua kama wanavyoijua Bismarck Rock, lile jiwe maarufu la ziwani pale mjini. Kati ya mwaka 1991 na 1994, vijijini mkoani kwetu, watafiti walichukua jamii 12. Katika 6, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vilevile vilivyokuwepo walifundishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili, wakahakikishiwa dawa zisiishe, wakatembelewa mara kwa mara, na wananchi wakaelimishwa. Jamii 6 nyingine zikangoja zamu yao. Baada ya miaka miwili, kule walikotibiwa vizuri walioambukizwa VVU upya walikuwa kama 12 katika kila watu 1,000, kwingine 19. Tafiti za baadaye nchini Uganda, zilizofanywa kwa njia nyingine, hazikupata matokeo kama hayo, na hilo pia nalisema ili nisidanganye mtu. Lakini angalia kilichofanyika hapa kwenye zahanati zenyewe za vijijini. Mhudumu aliyefundishwa na kabati lenye dawa. Dunia nzima ya wataalamu ilisoma habari ya Mwanza. Sisi wenyewe leo binti anakwenda zahanati na uchafu ukeni, anaandikiwa dawa akanunue duka la ng'ambo ya maji, nchi kavu.

Nitoe mfano mmoja nilioushika kwa mikono yangu. Giza moja la mwaka jana, Ijumaa saa sita usiku, binti wa miaka ishirini na kitu aligonga mlango wangu. Kondomu ilikuwa imepasuka, na mwanaume alipoona imepasuka hakuacha. Alikuwa ameshika kanga yake kifuani kwa mikono yote miwili, anatetemeka, anasema tu, "Mama, nihesabie." Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe: dawa za dharura za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazina maana tena. Nikaanza kuhesabu.

Jumamosi zahanati ilikuwa imefungwa, mhudumu alikwenda ng'ambo kikazi. Mchana upepo ukapanda, ziwa likachafuka, hakuna boti iliyotoka. Jumapili nako hivyo hivyo. Jumatatu alfajiri tukapanda boti ya mizigo, tumekaa juu ya magunia, yeye amejifunika uso mzima. Tukafika kituo cha ng'ambo saa tano asubuhi. Saa 59. Pale dirishani tukaambiwa kwanza alete fomu ya polisi, kisha amlete huyo mwanaume apimwe. Aliyekuwa anazungumza hakushusha sauti, na benchi lote likageuka. Binti akasimama aondoke. Nilimkalisha chini kwa nguvu, Mungu anisamehe, nikamwambia kama ni aibu tumeshaipata, basi turudi na dawa. Kisha akapita muuguzi mtu mzima, mwenye miwani, hakuuliza kitu mbele za watu. Akatuita chumba cha nyuma, akampima, akampa kidonge cha kwanza na maji kwenye kikombe chake mwenyewe cha chai. Ilikuwa saa nane mchana, saa ya 62. Alimaliza siku zote 28. Nilikuwa namwona kila asubuhi anameza kwanza ndipo anakwenda vichanjani.

Dozi ya kuanzia ile ingeweza kukaa kisiwani. Ni vidonge, havihitaji jokofu. Mhudumu wa zahanati akifundishwa, na funguo zikawa na mtu wa pili anayeaminika, binti yule angemeza Jumamosi asubuhi.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha fedha zake za misaada, boti yetu ya Jumanne ya tatu nayo haikuja. Februari haikuja. Wadada kumi na mmoja niliokuwa nawajua kwenye dawa kinga, ile ya kumeza kila siku kabla ya hatari, waliishiwa mmoja baada ya mwingine. Baadaye tukaelezwa kwamba fedha zile zimeruhusiwa kununua dawa kinga kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mmoja wao akaniuliza kama inampasa abebe mimba ili akingwe. Aliuliza kwa dhati, na mimi sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa jambo zima kutegemea mfuko wa mtu wa mbali. Ushuru wa dagaa ni wetu, unakusanywa hapa, kwa jasho la watu hawa hawa.

Dawa kinga yenyewe ina mambo yake ambayo ofisini hayaonekani. Kopo lake linafanana na la dawa za kufubaza virusi, na vidonge vinagonga. Chumba cha mabati, ukuta mmoja na jirani, akisikia kopo linalia anajua, au anadhani anajua. Wengine walivihamishia kwenye mfuko wa plastiki, lakini unyevu wa ziwani unaviharibu, havitakiwi kutolewa kwenye kopo lake. Tukajifunza kujaza pamba juu ya vidonge, kopo linanyamaza. Nawaambia pia kwamba haizuii kaswende wala mimba, kondomu ibaki palepale. Sasa nasikia kuna sindano ya kuchomwa mara mbili tu kwa mwaka, lenakapavir. Mwaka 2024, katika utafiti wa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, kati ya waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike Julai 2025. Kwa mtu anayehama kila giza, sindano isiyolia kopo ingekuwa rehema. Naomba ikija isiishie mjini.

Najua wapo watakaoandika kunijibu kwamba waache kazi hiyo, yataisha. Mimi niliacha. Niliacha kwa sababu nilipata mtaji wa sufuria mbili kutoka kikundi cha kukopeshana, si kwa sababu nilitukanwa zahanati. Na niliacha nikiwa tayari naishi na VVU, niliojua kwa kuchelewa mwaka 2012. Namshukuru Mungu na dawa, kipimo cha wingi wa virusi kwangu kinarudi hakioni kitu, na kwa hali hiyo simwambukizi mtu kwa ngono. Lakini ningekuwa na dawa kinga nikiwa na miaka ishirini na tano, nisingekuwa na kadi ya CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, kwenye mkoba leo. Na wale wanaume wa kwenye mitumbwi wanarudi kwa wake zao kila mbalamwezi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya maji haya, nami nilikuwa mtoto wa mwaka mmoja. Ziwa hili tumelijua kwa ugonjwa huu maisha yangu yote.

Kwa hiyo ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya za kanda ya ziwa na mabaraza ya madiwani ni dogo. Ratiba ya kliniki ipangwe kwa giza. Ije mara mbili: siku mbili baada ya giza kuanza, watu wakishuka na mabegi, na tena kabla ya wavuvi kugawana mapato. Ifunguliwe saa kumi jioni hadi saa nne usiku, mitumbwi ikishaingia ziwani na wadada wameamka. Na dada anayehama apewe dawa za kumtosha mpaka giza linalofuata, pamoja na karatasi ya uhamisho, asianze kuhojiwa upya kila kisiwa.

Sehemu ya kufanyia ipo. Nyuma ya ofisi ya kamati ya mwalo kuna chumba chenye mlango unaofungwa, taa ya sola na tangi la maji. Nimeongea na mwenyekiti, amekubali kitumike bila malipo, na nimeshakifagia. Giza linaanza Alhamisi ijayo. Boti huondoka ng'ambo saa nane mchana.

Mwelimisha rika na mama lishe,
Visiwani, Mwanza
(Jina langu kamili analo mhariri)